Mapigo Matatu ya Shimo la Saba

Padre aliniomba niandike machache juu ya kaka yangu Belmiro, yasomwe katika misa ya siku ya saba. Niliandika nusu ukurasa, akausoma vizuri, watu wakalia. Lakini yapo mengine ambayo hayakuenea katika nusu ukurasa, na mengi kati ya hayo yananihusu mimi.

Chini ya kitanda changu kuna masanduku matano ya barua zake. Zilimjia kutoka kila pembe ya Brazili, kutoka kwa watu ambao hakuwahi kuwaona, na karibu zote zinauliza jambo moja: "Bwana Belmiro, nimefika juu ya mnara, nimevuta kamba ya kengele, na hakuna kinachotokea. Nimekosea wapi?"

Ili mtu aelewe barua hizo lazima nianze na baba.

Baba yetu, Anselmo, alishuka mgodini Jumanne moja ya mwezi wa Agosti mwaka 1961, katika shimo lililoitwa la saba. Paa la shimo lilianguka. Wenzake wanne walitolewa. Yeye hakutolewa, na baada ya wiki sita shimo likazibwa kwa mawe. Mimi nilikuwa na miaka saba, Belmiro kumi na mmoja.

Kwetu Córrego da Prata mtu hahesabiwi kuwa amekufa mpaka kengele iseme. Mapigo matatu ni mwanamume, mawili ni mwanamke. Kengele ya msiba ikianza, anayekata nyama huacha kisu, anayefua huacha kitambaa ndani ya maji, kila mtu anahesabu. Kisha ndipo maneno huanza. Nimewahi kusikia sokoni mtu akisema, "Tatu. Atakuwa Mzee Tibúrcio, maskini," na sauti nyuma yake ikajibu, "Tibúrcio huyu hapa anachagua jibini, mama, niombee baadaye."

Baba hakupigiwa. Mpiga kengele wa wakati huo alikuja mlangoni na kofia mkononi kuomba ruhusa, na mama akamzuia hapo hapo kwenye ngazi. "Hamjanionyesha mwili," alisema. "Msinipigie kengele mtu ambaye bado yuko kazini." Padre wa zamani alimwonea huruma, akaacha. Mama aliendelea kuweka sahani ya bati ya baba mezani kila jioni kwa miaka kumi na minane. Alipokuwa anakata roho, mwaka 1979, alituita wote wawili akasema, "Siku mtakapokubaliana nyote wawili kwamba Anselmo harudi, mpigieni. Mmoja akikataa, asipigiwe."

Belmiro alikuwa tayari siku ile ile. Mimi nilikataa. Nilisema imani ya mama haiwezi kuzikwa pamoja naye. Mama alipopigiwa kengele yake, Belmiro alisimama uani akihesabu kwa vidole, moja, mbili, na kidole cha tatu kikabaki kimenyooka, akakitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Hakuoa. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hii. Mume wangu alipofariki nilirudi kuishi naye. Mwaka 1986 mteja mmoja alileta kompyuta ndogo ya kuunganishwa na televisheni, iliyoundwa humu humu nchini, akahama mji bila kuichukua. Belmiro aliitengeneza, akaanza kununua magazeti ya kufundisha kuiandikia, na kwa mwaka mzima sikuona uso wake, niliona kisogo.

"Watu wa rika lako wana watoto," nilimwambia. "Wewe una waya."

"Waya haziombi chakula," alijibu bila kugeuka.

Alichokuwa anaandika ni mchezo wa kompyuta, safari moja ya zile za zamani zisizo na picha. Maneno tu juu ya kioo cheusi. *Uko mbele ya mdomo wa mgodi. Kuna taa hapa.* Wewe unaandika: chukua taa. Nao unakujibu: *umechukua taa.* Unashuka ngazi kwa ngazi, unatafuta njia, ukisahau kujaza maji kule juu utakufa kiu kule chini baada ya saa nzima ya kuhangaika. Aliuita Shimo la Saba. Mwishoni kabisa unamkuta mchimbaji ameketi ameegemea mwamba, amekufa. Huwezi kumbeba. Unachukua taa yake, unapanda nayo, unaingia kanisani, unakwea mnara, na mbele yako kuna kamba.

Ukiandika "vuta kamba", mchezo unakujibu: *Kengele imelia. Mji unasikiliza.*

Basi. Hapo ndipo watu wa nchi nzima walipokwama. Walivuta mara moja, wakaona hakuna kinachoendelea, wakashuka mnarani kutafuta ufunguo, kutafuta mlango wa siri, kurudi mgodini. Hakuna aliyejua kwamba mji ulikuwa unahesabu, unangoja pigo la pili na la tatu. Belmiro hakuandika mahali popote kwamba lazima yawe matatu. Hakuficha. Haikumjia kwamba kuna mtu asiyejua.

Barua za kwanza zilipofika alinisomea jikoni, ameduwaa kweli.

"Mira, kwani huko kwao hawana kengele?"

"Wanazo. Zinalia saa sita mchana watu waende kula."

"Na mtu akifa je?"

"Nitajuaje? Labda wanapigiana simu."

Nilimshauri aweke karatasi ya maelezo ndani ya kasha la kaseti iliyobeba mchezo. Hakutaka. Aliuza mchezo wake kwa posta, kaseti moja moja, na jalada alilolichora kwa mkono, picha ya taa. Na kila aliyekwama alimjibu mwenyewe, kwa kalamu, akimweleza habari za kengele zetu. Aliniambia mtu akielezwa jambo la msiba, aelezwe na mtu, asielezwe na karatasi iliyopigwa chapa. Mimi sikuwahi kuucheza. Nilijua ni wa nini. Mlango niliomfungia yeye alikuwa amewafungulia wageni.

Kompyuta za namna ile zilikufa, mchezo ukasahaulika, barua zikakoma. Belmiro akarudi kwenye redio zake. Miaka ikapita hivyo, mpaka Februari 2018 mwanamke wa miaka arobaini hivi alipobisha hodi, akajitambulisha kuwa Raíssa Holanda, anatengeneza filamu São Paulo. Alikuwa amekwisha kuandika na kupiga simu. Belmiro alimsubiri tangu saa mbili asubuhi amevaa shati la misa. Wakati huo tulikwisha kujua habari za ugonjwa wa tumbo lake. Daktari wa Belo Horizonte alikuwa amesema pengine mwaka, pengine si mwaka.

"Wewe ndiye wa Recife," Belmiro alimwambia kabla mgeni hajakaa. "Uliandika kwa kalamu ya kijani."

"Nilikuwa na miaka tisa, Mzee."

"Uliniita mwongo."

"Nilisema mchezo ni wa uongo. Sikukuita wewe."

"Ulisema vyote viwili. Mira, hebu mtolee barua yake."

Niliitoa. Raíssa aliisoma akacheka, kisha akageukia dirisha kwa muda. Niliweka kahawa na mikate ya jibini ikiwa bado moto, nikakaa nao, maana nilitaka kumjua mtu huyu.

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimweleza wazi kwamba kuzigeuza safari zile za zamani kuwa filamu ni kazi inayowashinda wengi.

"Michezo ya kukimbia na kupiga risasi ina shujaa, Mzee. Ana uso, ana koti. Wako una 'wewe' tu. Uko mbele ya mgodi, una taa. Sasa huyo 'wewe' nimpe uso wa nani?"

"Wa yeyote. Mpake vumbi la mgodi, wote hufanana."

"Haya. La pili ni muda. Mimi nilikwama mnarani miezi mitano. Filamu ni saa mbili."

Belmiro aliweka kikombe chini. "Hapo umesema. Mchezo unamngoja mtu. Waweza kwenda kula, kulala, hata kuoa, ukirudi bado uko mnarani umeshika kamba. Filamu haimngoji mtu."

"Ndiyo maana nyingi huharibika. Wanachukua jina, wanachukua ramani, ule ungojaji wanautupa."

"Wewe usiutupe."

"Nitajitahidi, Mzee."

Nilisikia kwamba hakusema naahidi. Belmiro alisikia alichotaka kusikia. Alimwambia sharti lake ni moja: mwishoni yawe mapigo matatu, na kati ya pigo na pigo kuwe kimya. Raíssa aliandika katika daftari lake. Alipoondoka tulimfungia jemu ngumu ya mapera na kipande cha jibini, na kaka yangu akasimama mlangoni mpaka gari likapotea.

"Unajua ninachotaka, Mira?" aliniuliza. "Watu mia tatu wameketi gizani, hawajuani, wote wamenyamaza wanahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Hapo baba atakuwa amepigiwa."

Nilikusanya vikombe. Nilijua kwamba angeweza kupigiwa hapa hapa, hatua mia mbili kutoka mlangoni petu, kama si mimi.

Mwezi wa Aprili hadithi ya filamu ililetwa katika bahasha nene. Macho ya Belmiro yalikuwa yamechoka kwa dawa, kwa hiyo nilimsomea mimi, alasiri tatu mfululizo, yeye amelala kwenye kiti kirefu karibu na jiko. Shujaa walikuwa wamemfanya binti wa mchimbaji. Alikuwa msichana mzuri, jasiri, na mdomo mrefu kuliko kamba yake ya kushukia mgodini. Mara mbili Belmiro alicheka mpaka akashika tumbo.

Alasiri ya tatu tulifika mwisho. Binti anavunja ukuta wa mawe, na nyuma yake baba yu hai. Amekaa gizani siku kumi na saba akilamba maji yanayotiririka mwambani. Binti anamtoa. Baba anatokea juani ameziba macho kwa mkono, na kengele zote za mji zinapigwa kwa shangwe, bila hesabu.

Nilishindwa kusoma kwa machozi. Nilimwona, Mungu anisamehe. Nilimwona baba yangu ameziba macho kwa mkono wenye ukucha mweusi wa gumba, ukucha ambao sikuwa nimeukumbuka kwa miaka hamsini.

"Umemaliza?" Belmiro aliuliza.

"Nimemaliza. Ni nzuri, Belmiro. Mwache baba atoke."

"Atoke wapi?"

"Kwa Mungu hakuna lisilowezekana."

"Mungu hakumtoa, Mira. Leo sinema ndiyo itamtoa?"

"Wewe unajuaje kwamba hakumtoa? Uliuona mwili? Mama alisema..."

"Mama alikuwa na uchungu. Wewe una nini? Una miaka sitini na minne. Kila mwaka unamtoa, kila mwaka unamrudisha. Mwache mtu apumzike."

Ndipo niliposema neno ambalo nimelipeleka kwenye kitubio mara mbili na bado linanirudia. Nilisema, "Wewe ndiye uliyemzika. Ulimzika ndani ya kaseti, ukamtuma kwa posta."

Hakukasirika. Aliangalia jiko. Akasema maji yanachemka, na kweli yalikuwa yanachemka, nikaenda kuyaepua.

Siku iliyofuata alimpigia Raíssa simu, akamwambia hatatia sahihi. Nilikuwa namenya maboga, nilisikia upande mmoja tu. "Hapana, mwanangu, si kosa lako. Najua. Najua wanataka hivyo. Lakini mtoto akishuka amchukue baba yake, apande na taa tu, hiyo ndiyo hadithi. Ukimpandisha na baba, hiyo ni hadithi ya watu wengine, na wana haki nayo, lakini si yangu."

Raíssa alijaribu. Aliandika mwisho mwingine, na mwingine tena. Mwezi wa Julai alipiga simu, sauti imekauka, akasema wakubwa wake hawaoni ni nani atakayetoka nyumbani kwenda kuona msichana anayerudi na taa. Wamechukua mchezo mwingine wa zamani, una joka. Belmiro alimtakia heri ya joka. Alipoweka simu chini aliomba alazwe, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kitandani.

Agosti, katika wiki ile baba aliyoshuka mgodini, alasiri moja aliniomba nimletee ile kompyuta ya zamani. Niliibeba mwenyewe pamoja na televisheni yake ndogo, nikaunganisha waya jinsi alivyoniamuru. Kaseti ilipiga kelele zake kama panya, kisha maneno yakatokea. *Uko mbele ya mdomo wa mgodi. Kuna taa hapa.*

"Cheza," alisema.

"Sijui kucheza."

"Unajua kusoma. Inatosha."

Ilichukua siku nne. Nilikufa kiu mara tatu. Nilianguka kwenye ngazi ya tano, nikasahau mafuta ya taa, nikapotea penye maji. Yeye hakunisaidia hata kwa neno moja. Alikuwa amelala ubavu akitazama, na nikikosea alifumba macho kwa adabu ili nisione kwamba ameona. Mara moja nilimwambia mchezo wake ni wa mtu mkorofi, akasema, "Uliza Recife," akacheka kidogo, akakohoa sana.

Siku ya nne nilimkuta mchimbaji. *Ameketi ameegemea mwamba. Kiatu kimoja hakina kamba.* Nilisimamisha vidole. Nilikuwa nimesahau. Asubuhi ile ya Jumanne nililia kwa sababu mwanasesere wangu hakuwa na utepe, na baba akavua kamba ya kiatu chake cha kushoto akamfunga nayo. Belmiro alikuwa ameiandika miaka thelathini na miwili nyuma, akiamini kwamba siku moja nitafika mahali pale.

Nilichukua taa. Nilipanda. Nilikwea mnara.

Vuta kamba. *Kengele imelia. Mji unasikiliza.*

Vuta kamba. *Kengele imelia. Mji unasikiliza.*

Nilibaki na mikono juu ya vitufe. Jikoni kwa jirani mtu alikuwa anakoroga sufuria. Sikuweza. Nilitoa mikono nikaiweka mapajani, nikasema nimechoka, tutamaliza kesho.

"Unangoja," Belmiro alisema, akimaanisha mchezo. Kesho yake homa ilipanda, na hatukurudi tena.

Alifariki tarehe kumi na moja Oktoba, saa nne asubuhi, rozari mkononi, mimi nikimsomea sala ya wanaokufa. Nilimfumba macho. Majirani waliingia kumvisha, nami nikatoka kwenda kanisani kutoa taarifa.

Mpiga kengele wetu ni Juvenal, mwana wa yule aliyesimama kwenye ngazi zetu na kofia mkononi. Alipoona ninavyotembea hakuuliza. Alipanda, na mimi nikasimama chini ya mnara. Moja. Kimya. Mbili. Kimya. Tatu. Katika barabara ya chini mwenye duka la mikate alikuwa ametoka nje, ananitazama. Juvenal alichungulia kutoka juu.

"Pole sana, Bibi Mira. Nishuke?"

"Ngoja kidogo. Kisha upige tena."

"Tena? Mara ngapi?"

"Tatu."

"Bibi, watu watadhani amekufa mwanamume mwingine."

"Amekufa mwanamume mwingine," nilisema.

Juvenal akavua kofia, akaitundika mahali nisipopaona, akarudi kwenye kamba. La kwanza lililia. La pili lililia. Nilikuwa nimeshika ukuta wa mnara kwa viganja vyote viwili, na nilimwomba Mungu anipe nguvu nisimwite Juvenal aache. La tatu likalia, nikalisikia ndani ya jiwe kabla ya kulisikia hewani.

Nilirudi nyumbani polepole. Mlangoni kulikuwa kumejaa watu. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya Belmiro, lakini wote walikuwa na swali la pili midomoni, na Bibi Eulália wa nyumba ya tatu, mwenye miaka themanini na tisa, ndiye aliyeliuliza.

"Mira, mwanangu, na yule mwingine ni nani?"

"Ni baba."

"Anselmo?"

"Anselmo, Bibi."

Alifanya ishara ya msalaba, akaomba kiti. "Alinibeba begani kwenye sikukuu ya Rozari," alisema. "Nilikuwa mtoto, na yeye kijana." Mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma akasema baba yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wanne waliotolewa. Mwingine akauliza misa itakuwa ya nani, nikamwambia ya wote wawili. Wakaanza kumzungumzia, watu ambao kwa miaka hamsini na saba hawakuthubutu kulitaja jina lake mbele yetu, alivyocheka, alivyokuwa akila pilipili mbichi, na nilikaa kati yao nikisikiliza habari za baba yangu kama za mtu aliyefariki asubuhi ile.

Siku nzima watu waliingia na kutoka. Vikombe viliisha, tukaazima kwa jirani. Sahani nazo ziliisha. Nilifungua kabati la mama, nikatoa ile ya bati yenye ukingo wa bluu ambayo hakuna mtu aliyekuwa amekula ndani yake tangu mwaka 1961, nikaifuta kwa aproni, nikapanga juu yake mikate ya jibini, nikaipitisha kwa wageni.

Kompyuta sikuizima siku ile ya Agosti. Bado iko chumbani kwake, na kila asubuhi nikiingia kufungua dirisha, sentensi ile ile, *Mji unasikiliza*, iko kwenye kioo, na kamba iko mbele yangu.